Jina Elif: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu anayefuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili hachelewi kukutana na Elif. Huyu ni binti wa tajiri, yule ni mfanyakazi wa ndani, mwingine ni mtoto aliyetengwa na mama yake. Jina ni fupi, linakaa vizuri mdomoni, na maswali hayaishi. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Elif maana yake nini?

Elif ni herufi. Ni alifu, ya kwanza katika hati ya Kiarabu, mstari mmoja uliosimama wima: ا. Aliyesoma chuo cha Kurani pwani anaijua kama alifu kwa ujiti. Waturuki waliandika lugha yao kwa hati hiyo kwa karne nyingi, na herufi hiyo kwao huitwa elif.

Umbo lake likazaa maana ya pili: msichana mrefu, mwembamba, aliyenyooka. Mturuki akisema fulani yuko *elif gibi*, yaani kama elif, anamsifia kimo na mgongo usiopinda. Mzazi anayemwita bintiye Elif huwa anayawaza yote mawili, herufi na umbo, bila kuyatenganisha.

Vitabu vya majina huongeza maana ya tatu, "rafiki, mtu aliyezoeleka". Hiyo inatokana na neno jingine la Kiarabu linalofanana na hili, lenye irabu ndefu. Si uongo, ila sidhani kama ndiyo inayowasukuma wazazi wengi. Orodha ya mtandaoni ikikuambia Elif ni "malaika" au "ua la peponi", ipite tu.

Ni jina la Kiarabu au la Kituruki?

Neno ni la Kiarabu, jina ni la Kituruki. Waarabu hawana desturi ya kuwaita binti zao Alif. Waturuki ndio waliolitoa ubaoni wakampa mtoto, kama Waswahili walivyochukua riziki na subira wakapata akina Bi Riziki na Bi Subira. Utalikuta pia kwa Wakurdi, na huko Bosnia, iliyokuwa chini ya himaya ya Kituruki ya Osmani, wapo wanawake wanaoitwa Elifa.

Linatamkwaje?

E-LIF, mkazo mwishoni. Hakuna sauti ngeni ya kumsumbua Mswahili. Wengi wetu tutaongeza irabu na kusema Elifu, kwa kuwa ulimi wetu haupendi neno liishie hewani. Tena hapo tunabahatika: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unabaki palepale kwenye "li" anapouweka Mturuki mwenyewe.

Je, Elif na elfu ni ndugu?

Ndiyo, kwa maandishi. Kwa Kiarabu zote mbili huandikwa kwa alifu, lamu na fe. Zisome *alif* upate herufi. Zisome *alf* upate idadi, ambayo kwetu imekuwa elfu. Katika hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ina thamani yake, alifu ni 1, lamu ni 30 na fe ni 80. Jumla 111. Wanaopenda mafumbo ya namba hawajawahi kuiacha hiyo ipite bila kuisemea.

Lakini kwa nini mtoto apewe jina la herufi?

Kwa sababu kwa Waosmani herufi hii haikuwa kitu cha daftarini tu. Ilikuwa mlango wa elimu, na siku ya kuufungua ilikuwa sherehe ya mtaa mzima.

Desturi ilikuwa mtoto aanze kusoma akitimiza miaka 4, miezi 4 na siku 4. Siku hiyo alivishwa nguo mpya, akatundikiwa mfuko uliotariziwa wenye juzuu yake, na mwenye uwezo alimpandisha mwanawe juu ya farasi mdogo. Watoto wa shule walitangulia wakiimba kasida, wengine wakiitikia amina kila ubeti, ndiyo maana msafara huo uliitwa *âmin alayı*, msafara wa amina. Kituo cha mwisho kilikuwa mbele ya hoca, yaani mwalimu. Mtoto alipiga magoti, akasoma bismillahi, mwalimu akaweka kijiti cha kuonyeshea chini ya herufi ya kwanza, akasema: elif. Mtoto akaitikia: elif. Somo la siku hiyo lilikuwa limekwisha. Akabusu mkono wa mwalimu, watoto wakagawiwa zawadi.

Neno la kwanza la elimu ya kila mtu, kuanzia mwana wa sultani hadi mwana wa seremala, ni hilohilo. Si ajabu likapendwa kuliko herufi nyingine zote. Hutamsikia binti wa Kituruki akiitwa Be.

Masufi wana neno gani kuhusu elif?

Masufi, Waislamu wanaomtafuta Mungu kwa njia ya ndani, wana mengi, na hapa ndipo jina linapopata kina chake. Elif ni mstari mmoja, thamani yake ni moja, na ndiyo inayoanza jina la Allah. Juu ya hayo, katika maandishi haiungani na herufi inayoifuata. Husimama peke yake. Masufi wakaona humo ishara ya upweke wa Mungu.

Yunus Emre, mshairi wa Anatolia aliyeishi kati ya karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14, aliwasuta wasomi kwa herufi hii. Anasema maana ya vitabu vinne vya Mungu (Taurati, Zaburi, Injili na Kurani) imo yote ndani ya elif moja, nawe msomi hiyo elif huijui, sasa huko kusoma kwako ni kusoma gani? Ajabu yake ni kwamba aliyasema haya kwa Kituruki cha watu wa kawaida, wakati wasomi wa zama zake waliona fahari kuandika Kiajemi na Kiarabu. Mistari hiyo hadi leo watoto wa shule Uturuki wanaikariri.

Waandishi wa hati nao waliipa cheo. Katika kaligrafia elif ndiyo kipimo: urefu wake hupimwa kwa nukta zinazochorwa kwa ncha ya kalamu ileile, na herufi nyingine hupimwa kwa kuilinganisha nayo. Mwanafunzi akikosea elif, ukurasa mzima umekwenda upande.

Nimeambiwa jina hili limetajwa kwenye Kurani. Ni kweli?

Herufi imo, mtu mwenye jina hilo hayumo. Sura 13 za Kurani huanza kwa herufi zinazosomwa mojamoja ambazo ya kwanza ni alifu, mfano Alif Lam Mim inayofungua Surat al-Baqara. Familia nyingi za Kituruki huhesabu hilo kuwa baraka ya kutosha. Lakini Elif si jina la mke wa mtume, wala sahaba, wala mama wa mtu yeyote anayesimuliwa humo. Anayetaka majina ya namna hiyo, Waturuki wanayo kwa matamshi yao: Hatice ndiye Khadija, Ayşe ndiye Aisha, Fatma ndiye Fatuma, Zeynep ndiye Zainabu.

Washairi wamelitumiaje?

Kwa njia mbili zisizofanana kabisa.

Washairi wa jumba la sultani walichora mpenzi kwa herufi. Kimo chake elif, nywele zilizojikunja lamu, mdomo mdogo mimu. Ziunganishe hizo tatu zikupe *elem*, yaani huzuni, ndilo fungu la anayempenda. Naye huyo anayependa, aliyekuwa elif ujanani, mapenzi yamempinda mgongo amekuwa dali: د. Ni mchezo wa watu wenye kalamu na wakati, na ndugu zao wako hapa kwetu: washairi wa pwani nao walitunga tenzi ambazo beti zake zinafuata mpangilio wa alifu, be, te hadi mwisho.

Njia ya pili ni ya mlimani. Karacaoğlan, malenga wa karne ya 17 aliyehusishwa na wafugaji wahamaji wa milima ya Toros, kusini mwa Uturuki, ana shairi ambalo kila ubeti unarudi kwenye jina Elif. Theluji nyembamba inaanguka, inapeperuka ikisema Elif, Elif. Katika ubeti mwingine mikono myeupe ya msichana inashika kalamu, nayo inaandika Elif, Elif. Hapo herufi na mtu zimechanganyika mpaka hujui anaandika jina lake au anajifunza kusoma. Shairi hilo huimbwa kwa *saz*, gambusi la Kituruki lenye shingo ndefu. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo lililomfanya Elif awe msichana wa kijijini akilini mwa Waturuki, zaidi ya vitabu vyote vya masufi.

Elif wa mkokoteni ni nani?

Ni mhusika wa shairi la Fazıl Hüsnü Dağlarca (1914–2008), ambalo Waturuki wengi wamelisoma shuleni. Mandhari yake ni vita vya uhuru vya Uturuki, 1919 hadi 1922. Risasi na mabomu yalishushwa bandari ya İnebolu kwenye Bahari Nyeusi, yakapandishwa milimani kupitia Kastamonu kuelekea Ankara. Wanaume wako vitani, kwa hiyo wasafirishaji wengi ni wanawake, kwa *kağnı*, mikokoteni ya maksai yenye magurudumu mazito ya mbao yanayolia njia nzima.

Elif wa shairi anaendesha mkokoteni wake usiku. Maksai wake, Kocabaş, anachoka, anasimama, anaanguka kwenye tope. Elif anambembeleza, anamwambia atambusu miguu, mikokoteni ya wengine inampita. Kocabaş haamki. Basi Elif anaingia mwenyewe kwenye nira na kuuvuta.

Dağlarca angeweza kumwita Ayşe au Fatma. Alichagua jina ambalo kila Mturuki akilisikia anaona kitu kilichosimama wima.

Mwaka 1928 Uturuki iliacha hati ya Kiarabu. Mbona jina halikufa?

Sheria namba 1353 ya tarehe 1 Novemba 1928 ilileta alfabeti ya Kilatini yenye herufi 29, na shule zikaacha kufundisha elif. Leo Mturuki wa kawaida hawezi kusoma kaburi la babu wa babu yake. Katika alfabeti mpya Elif hata haanzi na herufi ya kwanza. E ni ya sita, baada ya A, B, C, Ç na D.

Jina lilibaki kwa sababu lilikuwa limeshahama karatasini. Lilikuwa kwenye nyimbo, kwenye misemo, kwa mabibi. Na hati yenyewe haikutoweka kwa kusomea Kurani, misikitini na majumbani. Tangu karne hii ianze, Elif limekuwa miongoni mwa majina ya kike yanayopewa sana watoto Uturuki, bega kwa bega na Zeynep. Linapendwa na wacha Mungu kwa sababu ya dini, na wasio na habari na dini kwa sababu ni fupi na zuri. Majina yanayokubalika kambi zote mbili za Uturuki si mengi.

Kuna misemo ya Kituruki yenye elif?

Ipo, na mmoja utakuchekesha. Sisi husema mtu hajui alifu kwa ujiti, yaani hajui lolote. Waturuki husema *elifi görse mertek sanır*: akiiona elif atadhani ni boriti ya paa. Mswahili ameona ujiti, Mturuki ameona boriti, mjinga ni yuleyule.

Mwingine ni *elifi elifine*, unaotumika jambo likiwa limelingana barabara, halijazidi wala kupungua.

Je, Elif lina uhusiano na Elifuraha, Elifasi au Eliamini?

Hapana. Hayo ya kwetu, yanayosikika sana kwa Wakristo wa kaskazini mwa Tanzania, yanaanza na *Eli*, neno la Kiebrania la Mungu lililoingia kwa Biblia. Elifasi mwenyewe ni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Kufanana kwa herufi za mwanzo ni bahati tu.

Mwanamume anaweza kuitwa Elif?

Uturuki kwenyewe, kwa kawaida hapana. Lakini mashabiki wa mpira wanamjua Eljif Elmas, kiungo wa Makedonia Kaskazini aliyezaliwa Skopje mwaka 1999 na kutwaa ubingwa wa Italia na Napoli msimu wa 2022–23. Eljif ni tahajia ya Balkani, na baadhi ya magazeti ya Uturuki humwandika Elif Elmas. Kwa msomaji wa Istanbul inasikika kama vile kwetu beki wa kati akiitwa Mwanaidi.

Naona Elif Nur, Elif Naz, Elif Su, Elif Ela. Hayo ni majina mawili au moja?

Ni jina la kwanza lenye sehemu mbili, mtindo unaopendwa sana sasa. Nur ni nuru, Naz ni madeko, Su ni maji, Ela ni rangi ya macho iliyo kati ya kahawia na kijani. Wengine huunganisha: Elifnur, Elifnaz. Kuna pia *göbek adı*, jina la kitovu, ambalo kwa asili mtoto alipewa anapokatwa kitovu, mara nyingi la bibi au babu. Kwa kawaida mtu haitwi kwa jina hilo.

Waturuki humpaje mtoto jina?

Msomaji Mwislamu wa Afrika Mashariki hatakuta mageni. Mzee wa familia au imamu humpakata mtoto, anamsomea adhana sikio la kulia na ikama la kushoto, kisha anamtajia jina lake mara tatu. Akika ipo, ila si kila nyumba hufanya. Baada ya hapo ni ofisi ya usajili.

Nimwiteje mwanamke anayeitwa Elif?

Jina tupu ni la rika lako na wadogo zako. Kazini au dukani sema Elif Hanım, sawa na Bi Elif. Heshima hufuata jina, haitangulii. Akikuzidi umri kidogo ni Elif Abla, dada Elif. Akiwa rika la mama yako ni Elif Teyze, ambalo hasa ni mama mdogo au mama mkubwa, na huitwa hivyo hata kama hamna undugu. Mumewe au mama yake atamwita *Elifim*, Elif wangu. Wewe usianze na hilo.

Ni akina Elif gani wanaojulikana duniani?

Wa kwanza ni mwandishi Elif Şafak, aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1971. Vitabu vyake vya Kiingereza humwandika Shafak. Ukoo anaotumia ni jina la mama yake, na maana yake ni alfajiri. Mwaka 2006 alishtakiwa Uturuki kwa "kuutukana utaifa wa Kituruki" kwa sababu ya maneno aliyoyasema mhusika wa riwaya yake, akaachiwa. Mwingine ni Elif Batuman, mwandishi wa Marekani mwenye wazazi Waturuki, aliyezaliwa New York mwaka 1977.

Kwa watazamaji wa televisheni, Elif ni yule mtoto wa tamthilia yenye jina hilohilo, iliyorushwa na Kanal 7 kuanzia 2014 hadi 2019 na kuuzwa nchi nyingi.

Nikitaka kumpa binti yangu jina hili, niandike vipi?

Elif, basi. Ukiandika Elifu utaleta utata na tahajia za vyeti huko mbele, na Alif ni jina la herufi kwa Kiarabu, si jina la mtu wa Kituruki. Nyumbani mtamwita Elifu tu mtake msitake.

Jambo moja la kuangalia kama atasafiri au kusoma Uturuki: Kituruki kina i yenye nukta na ı isiyo na nukta, sauti mbili tofauti, na nukta hubaki hata kwenye herufi kubwa. Kwa hiyo wao huandika ELİF. Fomu ya kwetu itaandika ELIF, na Mturuki atayasoma hayo "Elıf", kwa i ya kooni. Hatakataa kumhudumia, lakini atatabasamu, kisha atachukua kalamu na kuweka nukta.